Kabla hujairuti simu ya zamani, uliza nani anakukatalia

"Mkuu, hii ishaisha muda wake."

Fundi alisema hivyo bila hata kuinua macho, pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akanirudishia Galaxy Grand Prime ya mama mdogo na kuendelea na kioo cha simu ya mteja mwingine. Nikabaki nimeishika. Inawaka. Kioo hakina ufa, spika inalia kuliko ya kwangu, betri unaibandua kwa ukucha na kuweka nyingine. Ishu yake ni moja tu, kila ukitaka kuweka apu au kuapdeti inagoma, inasema nafasi haitoshi, na mama mdogo alishafuta picha zote mpaka za send-off ya binti yake.

Muda wake umeisha kwa nani?

Hilo swali limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, ndo maana naandika.

## Kila mtu anasema ruti

Ukiuliza kokote, jibu ni hilo hilo. Simu imejaa, iruti, yaani ujipe mamlaka yote ya ndani ya simu, ufute zile apu zilizokuja nayo toka kiwandani. Kijana anayeuza kava atakwambia hivyo, magrupu yatakwambia hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa naelekea huko huko nikiwa nimeshatenga jioni nzima na bando la kutosha.

Kilichonisimamisha ni kuangalia jinsi hifadhi ya hii simu ilivyogawanywa. Ni simu ya 2014, ina GB 8 za hifadhi na GB 1 ya RAM, na hizo GB 8 si chumba kimoja, zimekatwa patisheni. Apu za kiwandani zinakaa /system. Vitu vyako wewe vinakaa /data. Sasa ukiruti ukafuta apu ya kiwandani kule /system, nafasi inaongezeka kule kule /system. Haihamii /data. Utafuta apu kumi na simu itaendelea kukwambia nafasi haitoshi kama vile hujafanya kitu.

Kwahiyo nini kinaila /data? Kwanza ni apdeti za hizo hizo apu za kiwandani, maana toleo la mwanzo linabaki pale lilipo na toleo jipya linashuka /data, unakuwa na mbili za kitu kimoja. Pili ni Android yenyewe, kuanzia 5.0 ilikuwa inatafsiri apu nzima pale unapoisakinisha ili ifunguke fasta baadaye, matokeo yake apu uliyoipakua kwa MB chache inakaa nafasi kubwa kuliko ulivyotegemea, na mpaka Android 7 ya 2016 ndo wakaanza kutafsiri vile tu unavyovitumia sana. Tatu, na hii wengi hawaijui, Android haisubiri nafasi iishe kabisa. Inajiwekea akiba ambayo inaweza kufika MB 500, ukiigusa inaanza kukataa, ndo maana unaona bado kuna MB mia tatu na inasema hakuna nafasi.

Kuondoa zile apdeti na kuzima apu usizozitaka kunafanyika kwenye setingi. Bila ruti.

Nikafanya hivyo, WhatsApp ya mama mdogo ikaingia, akafurahi, na mimi nikaona aibu kidogo kwa niaba ya video zote nilizoangalia.

## Sentensi moja, sababu kumi

Ila haikuishia hapo, maana baada ya siku chache akaniambia kuna apu nyingine inagoma, na safari hii haikutaja nafasi. Imeandika tu "Programu haijasakinishwa". Basi.

Hii sentensi mimi naichukia. Simu inajua kabisa sababu, haitaki kukwambia. Ukitaka ikwambie, iunganishe na kompyuta, washa USB debugging, sakinisha lile faili la apu kwa adb install, amri unayoiandika kwenye hiyo kompyuta, hapo ndo inafunguka. Ikijibu INSTALL_FAILED_OLDER_SDK maana yake apu inataka Android mpya kuliko uliyonayo. UPDATE_INCOMPATIBLE, saini ya aliyeitengeneza hailingani na ya toleo ulilonalo tayari, mara nyingi ni kwa sababu moja ulitoa Play Store na nyingine umetumiwa na mshkaji. NO_MATCHING_ABIS, umepakua faili la biti 64 na mfumo wako ni wa biti 32. Hii ya mwisho inachanganya sana kwenye Grand Prime kwa sababu chipu yake, Snapdragon 410, ni ya biti 64 kabisa, ukisoma sifa zake utaona hivyo, lakini Android iliyowekwa juu yake ni ya biti 32. Chipu inaweza, mfumo hauwezi.

Halafu kuna lile la kushindwa kuchanganua kifurushi, ambalo mara nyingi ni faili lilikatikia njiani bando lilipoyumba. Pakua upya, yameisha.

Angalia hizo sababu moja moja kisha niambie ni ipi ruti inaitibu. Ninayoijua mimi vizuri ni kosa namba -24, ile ambayo apu ilifutwa vibaya ikaacha folda lake ndani ya /data/data likiwa na mmiliki wa zamani, apu ikirudi inakuta folda si lake, inakataliwa. Folda hilo huwezi kuligusa bila ruti, ni ruti au kufuta simu nzima. Hapo sawa, ruti inafanya kazi ya maana.

Zilizobaki? Ruti haikupi Android mpya. Haibadilishi biti 32 kuwa 64. Haimtengenezei mtu saini.

Kwa mama mdogo ilikuwa OLDER_SDK.

## Na tovuti nazo zikaanza

Hili lilinishtua zaidi. Tovuti nyingine zikawa hazifunguki, brauza inasema muunganisho si salama. Yeye akadhani amehakiwa. Kumbe ni vyeti, vile vinavyoithibitishia simu kwamba tovuti ni yenyewe. Tovuti nyingi sana duniani zinatumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na cheti chao kikuu, ISRG Root X1, hakimo ndani ya Android iliyo chini ya 7.1.1. Walikuwa wanadhaminiwa na cheti cha kampuni nyingine ambacho muda wake uliisha 30 Septemba 2021, wakatafuta mpango wa kuzibeba simu za zamani, na mpango huo nao ukaisha Septemba 2024. Baada ya hapo simu za zamani zikaanza kuona mlango umefungwa.

Unaweza kuongeza hicho cheti mwenyewe kwenye setingi, na hata hilo halihitaji ruti. Simu itakulazimisha uweke PIN na itakutisha kwamba mtandao wako unaweza kuwa unafuatiliwa. Jaribu kumweleza mama mdogo hiyo onyo kila inapotokea, utaniambia.

Hapo ndo nikakubali kuwa tunachohitaji ni Android nyingine. Mfumo mwingine kabisa juu ya chuma kile kile.

## Chini ya betri

Kabla ya kupakua chochote, toa betri usome kile kibandiko. Sitanii. Jina "Grand Prime" halikwambii kitu. Kuna SM-G530H, ya Snapdragon. Kuna SM-G531H, ambayo ukiziweka pamoja mezani huwezi kuzitofautisha, chipu yake ni ya Spreadtrum. Kuna SM-G531F, ya Marvell. Simu tatu, sura moja, watengenezaji watatu tofauti wa chipu. Romu, yaani ule mfumo mzima wa Android unaowekwa kwenye simu, ya moja haina kazi kwa nyingine, na ukilazimisha unaweza kubaki na kipande cha plastiki kinachotetemeka tu ukibonyeza pawa.

Ya mama mdogo ni G530H, kwa lugha ya hawa watengeneza romu inaitwa fortuna3g. Ukilijua hilo jina la pili, nusu ya makosa utakayokutana nayo yanaanza kueleweka.

## Njia ya mkato

Kuna apu za kuruti kwa kubonyeza mara moja. KingRoot, Kingo, Framaroot na ndugu zao. Nilikuwa nazipenda zamani. Siku hizi zinanitia wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ndo uliochelewesha hii kazi kuliko kitu kingine chochote.

Zinafanyaje kazi? Zinatafuta tundu kwenye keneli, kile kiini cha Android kinachotoka Linux. Juni 2014 George Hotz alitoa Towelroot, ilitumia hitilafu ya futex kwenye keneli ya Linux, ikaruti simu kibao ambazo watu walikuwa wameshindwa, watu tukashangilia. Oktoba 2016 ikatangazwa Dirty COW, hitilafu iliyokuwa imekaa kwenye Linux tangu 2007, nayo ikageuzwa njia ya kuruti. Tunashangilia nini hasa? Kama apu niliyoipakua sehemu nisiyoijua imeweza kuipa simu amri zote kwa sekunde chache bila kuniuliza nywila, basi apu yoyote ile inaweza, ikiwemo ile ya tochi na ile ya mikopo ya haraka. Ni sawa na kuingia nyumbani kwako kwa dirisha bovu, ukishaingia dirisha bado ni bovu.

Yaani simu ikirutika kirahisi, hiyo ni taarifa ya kusikitisha kuhusu hiyo simu.

(Kuna kisa cha Novemba 2008 nakipenda sana. T-Mobile G1, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na kasoro kwamba kila ulichoandika kwenye kibodi kilikuwa kinaenda pia kwenye dirisha la amri lililofichwa, lenye mamlaka yote. Mtu unamwandikia mwenzio neno "reboot" kwenye meseji, simu inajizima na kuwaka. Ndo ilikuwa ruti rahisi kuliko zote, na walipoiziba kuna watu walinuna.)

## Odin, na kile chekundu

Njia nyingine ndefu kidogo ni kuingia kwa mlango wenyewe. Unazima simu, unashika sauti chini, hom na pawa kwa pamoja, inaingia daunlodi modi, unaiunganisha na kompyuta yenye Odin (programu ya kuandika mfumo kwenye simu za Samsung) na draiva za Samsung, unaiwekea TWRP mahali pa rikavari ya kiwandani, ile sehemu ya matengenezo inayowaka bila Android. Hapa hakuna tundu linalotumika, na ruti bado haijatajwa.

Na hapa ndo pa kuona maandishi mekundu, FAIL, moyo unadunda. Mara nyingi ni waya. Kuna waya wa USB wa kuchajia tu, ndani hauna nyaya za data, au zipo na zimechoka, Odin inaanza kuandika halafu inakata katikati. Badilisha waya, chomeka tundu la nyuma ya kompyuta usipitie kigawanyio, jaribu tena. Ikigoma kwa kutaja FRP, ujue akaunti ya Google bado imeifunga simu, na hiyo si hitilafu, ni kinga dhidi ya wezi, mwenye simu aingie na aitoe akaunti yake mwenyewe. Simu nyingi za Samsung zenye KNOX, mfumo wao wa usalama, zitabadilisha alama kutoka 0x0 kwenda 0x1, na ikishabadilika hairudi. Kwa simu ya 2014 garantii gani tena, ila ni vizuri ujue unachotoa.

Kuna lingine linalowatoa watu machozi. Odin inasema PASS, kijani, simu inajiwasha, ukiingia rikavari unakuta ya kiwandani imerudi. TWRP imeyeyuka. Haijayeyuka, mfumo wa kiwandani ukiwaka unairudisha rikavari yake wenyewe. Ondoa tiki ya Auto Reboot kwenye Odin, ikimaliza toa betri, kisha nenda moja kwa moja rikavari kabla mfumo haujawaka. Hapo faida ya betri ya kubandua utaiona.

Ndani ya TWRP kitu cha kwanza ni bakapu ya EFS. Humo ndo kuna IMEI. Ukiipoteza una simu isiyoshika mtandao, na Tanzania hii mambo ya IMEI si ya kuchezea, tunaokumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki tunajua. Bonyeza *#06#, andika namba kwenye karatasi, hifadhi bakapu nje ya simu, ndo uendelee.

## Zana ya kuruti nayo imegoma

Sasa nikataka ruti, kwa sababu halali nadhani, nilitaka kubeba data za apu zake zote kama zilivyo kabla ya kufuta mfumo. Nikachukua Magisk, zana yenyewe ya kuruti, toleo jipya kabisa. Unajua ilisema nini? Programu haijasakinishwa.

Nikacheka peke yangu usiku.

Magisk za sasa zinataka Android 6 kwenda juu, na hii ilikuwa 5.0.2. Toleo la 23 lilikuwa bado linapokea kuanzia 5.0. Nikalitafuta, nikaliflashi kupitia TWRP, likakaa. Ubora wa Magisk, tangu John Wu alipoitoa 2016, ni kwamba haichokonoi /system, inabadilisha patisheni ya buti tu, kwahiyo kuiondoa ni rahisi. Huyu jamaa mwenyewe 2021 aliajiriwa Google, timu ya usalama wa Android. Wanaoziba na wanaotoboa wanajuana kuliko tunavyodhani.

Bakapu ikatoka. Nikafuta, nikaflashi LineageOS 14.1 ya fortuna3g, ambayo ni Android 7.1, kazi ya watu wanaojitolea.

ERROR: 7.

Kosa 7 ni romu inauliza simu "wewe ni nani?" na jibu halimridhishi. Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kufungua lile faili la zipu na kufuta mistari inayouliza. Mimi sipendi kabisa. Hiyo mistari ipo kwa sababu ya zile G530H na G531H. Soma kwanza ujumbe, utakuta umeandikwa romu ni ya simu gani na simu yako inajitambulisha vipi. Kama modeli ni sahihi na jina ndo halilingani, tatizo liko kwa TWRP ya zamani, weka mpya inayojua jina. Kama modeli si sahihi, umeokolewa, shukuru, kalale.

Kwetu ilikuwa TWRP. Ikabadilishwa, romu ikaingia. Kifurushi cha apu za Google kikagoma na kosa 70, nafasi haitoshi kwenye /system, nikachukua kile kidogo kabisa cha pico kikaingia.

Tovuti zikafunguka zote bila kuongeza cheti chochote. Ile apu ya OLDER_SDK ikakaa.

## Ruhusu au Kataa

Kwenye mfumo mpya nikaweka Magisk tena, kwa mazoea tu, nikampelekea simu yake. Nikakaa naye kidogo sebuleni nimwelekeze. Kuna apu ya kusafisha simu nilikuwa nimeiweka nijaribu, ikaomba ruti, kidirisha kikatokea, Ruhusu au Kataa, na mama mdogo akabonyeza Ruhusu hata sijamaliza kusema.

"Mama mdogo, umejua imeomba nini?"

"Si imeomba ruhusa, mwanangu? Nikikataa si itagoma tena kama mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hii simu imemfundisha kwamba kukataa maana yake ni kitu kutofanya kazi. Yeye anabonyeza Ruhusu kwa heshima zote, kama anavyoitikia shikamoo. Na mimi nimemwachia mlango unaofungua simu nzima, meseji, namba za wanachama wa kikoba, kila kitu, na mlinzi wa huo mlango ni yeye.

Nikaiondoa ruti siku hiyo hiyo. LineageOS inatembea bila ruti vizuri tu, haijawahi kuihitaji. TWRP iliwekwa bila ruti, romu ikaingia bila ruti. Katika kazi yote hii ruti ilikuwa na kazi ya saa moja, ya kubebea data, na hiyo saa moja ndo kila mtu anaiita jina la kazi nzima.

Apu ya benki yake ilikataa kufunguka, kwa ruti na bila ruti. Ilisema kifaa si salama. Nilitaka kubishana nayo, zipo mbinu za kuificha hali ya simu na watu wanazitumia, lakini nikiwaza vizuri benki hapa ina hoja kuliko ninavyopenda kukubali. Keneli ni ile ile ya 3.10, hakuna anayeiziba matundu kwa uhakika. Pesa zake mimi siwezi kuzidhamini. Nilipomwambia hatoweza kuitumia akaniuliza apu ya benki ya nini, yeye pesa zake ziko M-Pesa, *150*00#, na hiyo menyu haina habari na Android ya aina gani iko juu yake, ingefanya kazi hata kwenye simu ya kitochi.

Kuna vitu havijakaa sawa. Chrome ilishaiacha Android 7 tangu toleo la 120, mwishoni mwa 2023, kwahiyo hiyo brauza haitasogea tena. RAM ni GB 1 na hakuna romu itakayoiongeza. WhatsApp nayo inapandisha kiwango kila baada ya muda, siku moja itaigusa 7.1 na tutakuwa tumerudi kwenye OLDER_SDK, safari hiyo sidhani kama nitakuwa na romu nyingine ya kuweka. Na kwa sasa fundi wa hiyo simu ni mimi, ikizingua saa nne usiku anayepigiwa ni mimi, hilo hakuna video iliyonitajia.

Jana binamu yangu wa Mbagala kanitumia meseji, anataka nimrutie Tecno yake ya zamani, atalipa soda. Nimemuuliza imemgomea nini. Mpaka sasa hajajibu.